Miwani ya Tai

Watu wengi wakiingia dukani kwangu hudanganya. Si kwa ubaya. Unamkalisha mtu kwenye kiti, unamziba jicho moja, unamwambia asome herufi za mstari wa chini, naye badala ya kusema haoni anaanza kubahatisha, tena kwa sauti ya kujiamini, kana kwamba kuona vibaya ni kosa la kufungwa. Mimi nawaambia ukweli wao palepale. Wewe mzee huoni, mpe mwanao funguo za gari. Wewe dada huumwi kichwa kwa sababu ya mawazo, unaumwa kwa sababu miwani hiyo ni ya shangazi yako. Marehemu mke wangu alikuwa akisema ulimi wangu hauna breki, na kwamba wateja wanarudi kwa sababu tu duka jingine la miwani liko mbali.

Jioni nikishafunga duka napanda ngazi za nyuma, naingia nyumbani. Pana chumba cha kulala, jiko, na chumba kikubwa kuliko vyote ambacho si changu. Hicho ni cha marubani.

Nakusanya vitu vya marubani wa vita vile vilivyoisha mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kofia za ngozi, glovu zilizokakamaa, vifungo, dira iliyopasuka kioo, kipande cha bawa ambacho mke wangu alikianikia vitambaa vya jikoni mpaka nikamkataza. Miwani ndiyo mingi zaidi, kwa sababu hiyo naielewa. Mke wangu alikiita chumba kile "kwa marehemu". Chakula kikiwa tayari alisimama mlangoni akasema, haya, waage marehemu wako uje ule. Tulikuwa tunacheka. Sasa yeye mwenyewe ni marehemu, na utani huo hauna tena wa kuusema.

Nina sharti moja. Kitu kisicho na mtu, kwangu ni chuma chakavu. Nikipata kofia lazima nijue kichwa kilichokuwa ndani yake. Nazunguka makaburini nikisoma majina. Nakaa kwenye klabu ya askari wastaafu nawaagizia chai mpaka wananichoka, wakiniona tu wanaanza kutazama saa zao. Lakini nikimpata mwenye kitu, nikajua kwamba alipenda kuimba, au alikuwa mgomvi, au aliogopa panya, basi huyo anakuwa mtu wa nyumbani. Asubuhi namsalimia. Usinicheke. Ukiishi peke yako muda mrefu utasalimia hata kabati.

Ile miwani ninayotaka kuisimulia niliikuta sokoni, kwenye meza ya mama mmoja anayeuza vitu vinavyotolewa majumbani watu wakihama. Kulikuwa na pasi za mkaa, redio zisizo na matumbo, na kopo la biskuti lenye kutu. Ndani ya kopo ndimo ilimokuwa. Ngozi yake bado laini, mkanda mzima, vioo safi havina hata mkwaruzo. Upande wa ndani wa mkanda mtu alikuwa ameandika kwa ncha ya msumari wa moto neno moja, TAI. Nikacheka peke yangu. Rubani kujiita Tai ni sawa na mpishi kujiita Sufuria, hapo hakuna ubunifu. Nikaichukua.

Mtu mwingine angeipangusa akaiweka rafuni. Mkono wangu mimi hauwezi kushika lenzi bila kuipima, ni ugonjwa wa kazi. Miwani ya rubani ni kioo kitupu, kazi yake ni kuzuia upepo na matone ya mafuta, haina nguvu yoyote ya kumsaidia mtu kuona. Niliiweka kwenye mashine kwa mazoea tu, huku napiga mluzi. Mluzi ukakatika. Vioo vile vilikuwa na nguvu, tena si kidogo. Vilikuwa vya mtu asiyeona mbali, mtu ambaye bila miwani angeweza kukusalimia kwa heshima zote kumbe anasalimia nguzo.

Nikachukua kioo cha kukuzia nikatazama kingo. Hazikukatwa kiwandani. Fundi mmoja, mwenzangu nisiyemjua, alizisugua kwa tupa kidogo kidogo mpaka zikaingia kwenye fremu ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake, halafu akazipaka rangi nyeusi ili mtu asizione. Ilikuwa kazi safi sana, na ilikuwa kazi ya siri.

Jeshi halimpi ndege mtu mwenye macho mabovu. Kwa hiyo wakubwa hawakujua, ila wenzake walijua, na ndiyo maana wakamwita hivyo. Kikosi kizima kilikula njama kumficha mtu mmoja asiyeona, wakambandika jina la ndege anayesifiwa kwa macho. Nilikaa na ile miwani mkononi mpaka chai yangu ikapoa. "Wewe kijana," nikamwambia kwa sauti, "ulipitaje kwenye kipimo?" Hakunijibu, bila shaka. Lakini chumba kizima nilikisikia kipya siku ile, kama mgeni aliyeleta habari.

Binti yangu ameolewa mbali, hunipigia simu kila Jumapili. Nikamsimulia yote, lenzi, tupa, rangi nyeusi. Nilisikia vyombo vinagongana upande wake.

"Baba, umekula?" akauliza.

"Nakupa habari ya rubani asiyeona, wewe unaniuliza chakula."

"Rubani ameshakufa. Wewe bado uko hai. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Nilikuwa nimekula mkate mkavu, lakini mkate nao ni chakula.

Yule mama wa sokoni alikumbuka nyumba lilikotoka kopo la biskuti. Nikaenda. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye haraka, mikono ina sabuni. Alinisikiliza nusu tu, kisha akanipeleka uani. "Ni vya baba mkwe wangu hivyo," akasema. "Tumemhamishia chumba kidogo, vitu vyake havikuenea." Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasugua koki ya bomba kwa kitambaa, ingawa koki yenyewe ilikuwa imeshang'aa zamani. Alikuwa fundi wa injini za ndege wakati wa vita. Nilipoitoa miwani mfukoni, koki ikamponyoka.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Sokoni, mzee."

Akamgeukia mkamwana wake. "Ilikuwa kwenye kopo, ndani ya sanduku langu la spana."

"Baba, si ulisema nitupe takataka?"

"Hiyo haikuwa takataka," akasema mzee, na yule mwanamke akaondoka na sabuni yake.

Tulipobaki wawili akaanza kusema mwenyewe, wala sikumwuliza. Tai alikuwa mdogo kuliko wote kikosini, na mcheshi. Bila ile miwani haoni kitu kilicho mbele ya bawa. Akiivaa alikuwa anaitua ndege polepole kuliko wote, hata mafundi wakawa wanagombea kuhudumia ndege yake kwa sababu ilikuwa hairudi na matairi yaliyochakaa. Wote walijua siri yake, isipokuwa wakubwa. Mzee alitabasamu hapo, nami nikatabasamu. Nilitamani abaki palepale.

"Siku moja wakaja wakubwa kukagua vifaa," akaendelea. "Kila kitu kitandazwe chini, hata soksi. Tai akanijia mbio, akaniambia, fundi, nifichie. Nikaitia chini kabisa ya sanduku langu. Wakubwa hawajamaliza, king'ora kikalia. Watu wote mbio kwenye ndege. Mimi nilikuwa nimelala chini ya injini upande ule, sanduku liko pembeni yangu. Nilimwona anapita ananitafuta. Nikasema moyoni, ngoja nikaze nati hii moja tu, nitoke. Nilipotoka magurudumu yake yameshaacha ardhi. Aliondoka na miwani ya stoo, kioo kitupu."

"Hakurudi?"

"Aligonga mlima. Mlima wenyewe tulikuwa tunauona kutoka jikoni, asubuhi ile hapakuwa na wingu."

Aliiokota koki akaanza tena kuisugua. Baadaye akaniambia Tai alikuwa na mdogo wake wa kike, na kwao ni nyuma ya kiwanda cha matofali, na hajasikia kama wamehama. Binti huyo alikuja kambini kuchukua vitu vya kaka yake. "Nilipaswa nimpe mkononi," mzee akasema. "Nikajificha chooni mpaka akaondoka. Mtu mzima mimi." Akanisukumia miwani. "Mpelekee wewe. Lakini usimwambie nilikuwa nayo. Mwambie uliiokota mahali."

"Mzee, mimi sijui kudanganya."

"Basi jifunze," akasema.

Siku nyingine zote nikimpata ndugu wa rubani aliye hai huwa sikai. Napiga pasi shati, natoka. Safari hii niliiweka miwani mezani nikawa naizunguka. Nikimpelekea yule dada, atauliza. Kila ndugu huuliza, tena huanza na maswali madogo. Nikimjibu kweli, nitakuwa nimekwenda kumwambia mwanamke mzee kwamba kaka yake alipaa asubuhi yenye mwanga mweupe akiwa haoni. Nikimdanganya, itabidi nimdanganye vizuri, na mimi hata mtoto wa chekechea hunishinda. Ningeweza pia kunyamaza, niiweke miwani rafuni, nimsalimie Tai asubuhi, yaishe. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka na ndilo lililonitia aibu.

Jumapili binti yangu alinisikiliza bila kuosha vyombo.

"Usiende, Baba."

"Kwa nini nisiende? Ni kaka yake. Ana haki ya kujua."

"Utamwambia kila kitu. Nakujua. Utamwachia msiba mpya halafu urudi zako nyumbani. Na je, unakwenda kwa ajili yake, au unatafuta mtu wa kuongea naye?"

Nikakata simu. Sijawahi kumkatia simu mwanangu. Baada ya muda nikapiga tena, haikupokelewa. Nikakaa kitandani na kusema ukweli wangu mwenyewe, ule ninaowaambia wengine kila siku kwa bei nafuu. Nilikuwa nimeshanunua biskuti. Nilikuwa nimeshachagua shati. Nilikuwa nimefikiria tutakavyokaa, mimi na mwanamke ambaye sijawahi kumwona, nikimwuliza Tai alicheka vipi. Mwanangu alinipiga pale panapouma, na hakukosea.

Nilikwenda hivyohivyo. Nilibeba na mkoba wangu wa kupimia macho, ingawa sikuwa na mgonjwa huko. Mtu mwenye mkoba ana sababu ya kubisha hodi.

Nyuma ya kiwanda cha matofali kulikuwa na mstari wa nyumba fupi zilizopakwa vumbi jekundu mpaka madirishani. Mwanamke aliyefungua ya mwisho, niliyoelekezwa na majirani, alikuwa mwembamba, amejifunga kitambaa kichwani, na aliuelekeza uso wake kwenye bega langu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa umeme?"

"Hapana. Mimi fundi miwani."

"Sijaagiza miwani, mwanangu."

Nywele zangu ni nyeupe, lakini nilifurahi kuitwa hivyo. Nikamweleza kwa kifupi kwamba nakusanya vitu vya marubani, na kwamba nimepata kitu ambacho nadhani ni cha kaka yake. Alisogea pembeni nipite. Chumba kilikuwa safi, kina viti viwili na kimoja kati ya hivyo hakikuwa kimekaliwa kwa muda mrefu, kilikuwa na nguo zilizokunjwa. Akazitoa. Juu sana ukutani, karibu na dari, ilining'inia picha ya kijana aliyevaa koti la jeshi. Alipomimina chai aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kikombe. Mimi kwa kawaida mtu akifanya hivyo mbele yangu sinyamazi. Siku ile niliuma ulimi.

Nilimpa miwani mikononi. Akaisogeza mpaka puani, akaigeuzageuza, akasoma lile neno.

"Tai ni nani?"

"Ndivyo walivyomwita wenzake."

Akacheka, kicheko kikavu kilichomshtua hata yeye. "Tai. Huyu alikuwa hamwoni kuku uani."

"Kwa hiyo ulijua, mama."

"Nitakosaje kujua? Mimi ndiye niliyempitisha."

Akaweka miwani mapajani, akanisimulia huku anapapasa mkanda. Alikuwa msichana mdogo, anafagia zahanati walikopimwa vijana waliotaka kwenda jeshini. Bango la herufi lilikuwa moja tu, ukutani, siku zote lilelile. Sisi watu wa macho tuna uvivu huo, bango likishatundikwa halishuki mpaka lidondoke lenyewe. Akawa anafagia polepole chini yake, mstari mmoja kwa siku. Nyumbani akamfundisha kaka yake wakichota maji, wakimenya viazi, wakitembea. Siku ya kipimo kaka yake alizisoma zote hadi mwisho bila kusita, na daktari akampa mkono akasema macho kama haya ni nadra.

"Nimesahau mambo mengi," akasema. "Majirani nawachanganya majina. Lakini hizo haziondoki." Akazitaja, mstari mzima wa chini, kwa wimbo waliouimba wakichota maji. Nililijua bango hilo. Lilikuwepo hata kwenye chuo nilikosomea. Hakukosea herufi hata moja.

"Walipotuambia amegonga mlima, watu wakasema ni ukungu. Mama yangu alikufa anaamini ukungu. Baba vilevile. Mimi nilitoka nje asubuhi ile kuanika nguo, niliona anga lilivyokuwa. Sikuwahi kumwambia mtu. Ningemwambia nani? Kwamba mimi ndiye niliyemwua, kwa kumfundisha kusoma."

Nikamwambia haraka, nikifurahi kwamba nina kitu kizuri cha kumpa. Nikamwambia miwani ile si kioo kitupu. Fundi mmoja alimtengenezea lenzi zenye nguvu, akazificha humo. Akiivaa alikuwa anaona sawa na rubani yeyote, tena alikuwa anatua vizuri kuliko wote, nimeambiwa na mtu aliyekuwepo.

"Alikuwa anaona?" akauliza.

"Alikuwa anaona kila kitu."

Kisha mabega yakamshuka, na uso ukalegea mpaka nikaona alivyokuwa msichana. Akaanza kulia kwa utulivu, na huku akilia anasema, basi alikuwa anaona, basi aliziona nyumba kutoka juu, aliyaona mashamba, maana alikuwa anataka sana kuyaona. Nami machozi yalinilenga. Ningeaga pale. Mtu mwenye akili angechukua mkoba wake akaaga, na yule mama angelala vizuri maisha yake yote yaliyobaki, na mzee wa koki naye siri yake ingebaki salama.

Lakini vidole vyake vilikuwa bado vinatembea kwenye miwani. Vikapita kioo cha kushoto, vikapita cha kulia, vikarudi.

"Haijavunjika," akasema.

Nikashika kikombe changu cha chai.

"Ndege iliteketea yote. Walituletea kisanduku ambacho mama angeweza kukibeba kwa mkono mmoja." Akanielekezea uso wake, safari hii si bega. "Siku ile aliivaa?"

Nilijaribu. Namwapia yeyote anayetaka, nilifungua mdomo nikiwa na jibu la uongo tayari. Lakini alikuwa ananitazama vile wateja wangu wanavyonitazama wakishamaliza kubahatisha, wakitaka sasa kuambiwa.

"Hapana, mama. Hakuivaa."

Nikamweleza habari ya ukaguzi, na kwamba alimpa mtu amfichie, na king'ora kikalia. Sikumtaja aliyemfichia. Nikasema tu kwamba muda haukutosha.

"Kwa hiyo mlima hakuuona."

"Hakuuona."

Akatikisa kichwa polepole, mara kadhaa. Akanirudishia miwani, nami nilipokataa kuipokea akaiweka sakafuni katikati yetu. "Asante kwa kuja," akasema, na ilikuwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Nikasikia maneno ya binti yangu masikioni. Nilikuwa nimemwondolea mzigo kwa muda wa kunywa chai, kisha nikamtwika tena, na safari hii umethibitishwa. Nilijichukia. Nikasimama, nikachukua mkoba, na kwa sababu sikuwa na kingine cha kusema nikasema kile ambacho nimekuwa nikikisema maisha yangu yote.

"Mama, na wewe huoni."

"Najua. Kwetu tulikuwa hivyo wote wawili."

"Mbona huvai miwani?"

"Si lazima nipimwe kwanza?" akasema. "Nikapimwe wapi ambapo hawatanisimamisha mbele ya zile herufi?"

Nilikaa tena chini. Nikamtazama, mwanamke aliyeishi utu uzima wake wote ndani ya ukungu ambao kaka yake hakuupata, kwa kuogopa karatasi ya ukutani.

"Sihitaji herufi," nikamwambia. "Kaa hivyohivyo."

Nilifungua mkoba nikatoa fremu ya kupimia, ile nzito ya chuma yenye matundu ya kuchomekea lenzi. Nikamvika. Nikaanza na namba za miwani ya kaka yake, kwa kuwa macho ya watu wa tumbo moja mara nyingi hufanana, na kutoka hapo nikaenda nikiongeza na kupunguza. Nikageuza kiti chake kielekee ukutani.

"Tazama pale juu, kwenye picha. Hii ni bora, au hii?"

"Ya kwanza."

"Na sasa?"

"Hii."

"Na hii, au ile?"

Hakujibu. Nikadhani nimezidisha, nikanyoosha mkono nibadilishe, akanishika kifundo cha mkono.

"Nani huyu?" akauliza.

"Si kaka yako, mama?"

"Nani ameweka picha hii?"

"Sijui, mama. Nimeikuta pale."

"Huyu ni mtoto," akasema.

Nikaitazama picha pamoja naye. Koti lilikuwa kubwa, mabega yake yalining'inia nje ya mabega ya mwenyewe. Masikio yalijitokeza chini ya kofia. Alikuwa amebana midomo ili aonekane mkali, na hakuweza.

"Alikuwa kaka yangu mkubwa," akasema yule mama. "Ndiye aliyekuwa anajua kila kitu. Mimi nilimfuata tu nyuma. Siku zote nikimkumbuka alikuwa mtu mzima, mrefu, ananiambia nifanye hivi, nifanye vile. Mtazame shingo yake. Na mimi nilikuwa mdogo kuliko huyu?"

"Ndiyo, mama. Ulikuwa mdogo kuliko huyu."

Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kupepesa macho, nadhani aliogopa akipepesa picha itaondoka. Fremu ni nzito, ikaanza kumteleza puani. Nikaishika kwa vidole viwili, nimesimama pembeni yake, mgongo umepinda, kikombe changu cha chai kikipoa kwenye stuli. Nje gari la matofali lilipita, vioo vya dirisha vikatetemeka, likaenda zake.

"Una mtu anakusubiri nyumbani?" akaniuliza bila kugeuka.

"Sina, mama."

"Basi nishikie hivyohivyo. Bado namwangalia."